Jiwe Kavu Halisemi

Mama yangu analamba mawe. Naanza hapo hapo bila kuzunguka, maana nikianza na ukoo wake na jinsi alivyofika Kanada, mtu ataona namficha kwa aibu. Aibu ninayo, sikatai. Lakini ninachotaka kusimulia ni hofu, na hofu yenyewe ilianzia kwenye ulimi.

Anaitwa Tupokigwe. Hapa Etobicoke, kwenye jengo letu, wanawake wa Kisomali wanaopanda naye lifti wanamwita Mama tu, na kanisani kwenye ibada ya Kiswahili anaitwa Mama Kisa, kwa jina langu. Ana miaka sitini na saba. Kwao ni Chunya, Mbeya, nchi ya dhahabu. Wazungu waliichimba enzi za ukoloni, wakaondoka, wakaacha mashimo na vifusi vilivyorundikana kama vilima. Mama hakuwahi kushuka shimoni hata siku moja. Kushuka ilikuwa kazi ya wanaume. Baba yangu alishuka, udongo ukamfukia nikiwa na miezi saba, na Mama akabaki na mtoto mchanga na nyundo ya marehemu. Akaenda kwenye vifusi.

Kazi ya vifusi si ya kujivunia, lakini ina watu wake. Mgodi ukichimbwa, kuna mawe yanayotupwa kwa kuwa yanaonekana hayana kitu. Kuna na mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ule unaoitwa marudio, ambao bado una chembe zilizomponyoka mwenyewe. Aliyetupa alikuwa na mashine na haraka. Anayekuja nyuma yake ana macho na njaa. Mama alikuwa anakaa juu ya kifusi kutwa nzima, anaokota jiwe, analifuta kwa kanga, analilamba, analigeuza juani. Mawe yakiwa na vumbi yote yanafanana, lakini ukiligusa kwa ulimi, ule uzi wa njano unajitokeza wenyewe. "Jiwe kavu halisemi," ndivyo anavyosema. Maji Chunya yalikuwa ya kununua kwa ndoo, mate yalikuwa ya bure, na kwa mate hayo mimi nimesoma mpaka nikapanda ndege.

Jambo jingine la kumjua Mama ni mikono. Mikono yake inatetemeka. Ukimpa kikombe cha chai, mjazie nusu. Kwetu hilo halijawahi kuwa ugonjwa, ni mikono ya ukoo, na mimi nimeirithi. Nilianza masomo ya uuguzi hapa Toronto, nikashindwa pale pa kutafuta mshipa wa mgonjwa kwa sindano. Mwalimu alinisubiri mara tatu, mara ya nne akaniita pembeni. Sasa napokea simu kwenye kliniki ya meno, kazi isiyohitaji mkono uliotulia. Nilipompigia Mama kumweleza yaliyonikuta chuoni, alicheka kidogo akasema hayo ndiyo ya bibi yake, mzaa mama, pole mwanangu. Nikayakubali, kama mtu anavyokubali pua aliyozaliwa nayo.

Mama alikuja kwetu miezi kumi na sita iliyopita, amsaidie mjukuu. Mjukuu mwenyewe ni Sara, ana miaka sita, anasikia Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza. Bibi anauliza hivi, mtoto anajibu vile, na mambo yanakwenda. Tatizo halikuwa lugha. Tatizo lilikuwa Mama hakuwa na cha kufanya. Alifagia nyumba iliyokwisha kufagiwa. Alikaa dirishani, ghorofa ya kumi na moja, anaangalia magari, na mimi nikirudi kazini namkuta pale pale, kama abiria aliyeachwa na basi.

Mwezi wa nane uliopita mume wangu, Nicolaus, ambaye ni fundi umeme, alipata kazi ya wiki chache kaskazini, kwenye mji mdogo wa migodi iliyofungwa zamani, mwendo wa saa saba kwa gari. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaomba likizo ya siku nne, tukamfuata. Moteli tuliyofikia ilitazamana na kilima cha kijivu kisicho na mti wala jani, na misitu imekizunguka pande zote. Mimi niliona kilima kibaya, basi. Mama alisimama dirishani, begi bado liko mkononi.

"Kile hakikuumbwa na Mungu," akasema. "Kile kimetupwa na watu."

Sijawahi kumwona alivyokuwa siku zile. Alikula, alicheka, alimtania Nicolaus kuhusu kitambi chake, jambo ambalo mkwe na mama mkwe hawalifanyi. Kila asubuhi baada ya chai alimshika Sara mkono wakaenda kutembea. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijifunika shuka nikalala usingizi ambao sikuupata tangu nizae. Wakirudi, viatu vyao vilikuwa vya kijivu. Siku ya kuondoka Mama alitoka na mfuko wa mchele wa kilo tano, umejaa mawe, ameufunga kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Mama, tunafungua mgodi Etobicoke?" Nicolaus akamuuliza, huku anaupakia.

"Cheka tu, baba. Nikikuonyesha utaacha."

Kulikuwa na uzio kuzunguka kile kilima, na kibao cha njano chenye maandishi ya Kiingereza na Kifaransa. Nilikuja kuyajua hayo baadaye. Sara alijitahidi kukisoma kibao, akamwambia bibi yake kuwa hairuhusiwi kuingia. Na hapo Mama akafanya kosa ambalo mtu wa hapa asingelifanya hata akiwa amelewa. Kwa mtu wa hapa, kibao kama kile ni onyo. Kwa Mama, aliyekua akifukuzwa na walinzi kwenye vifusi, uzio na kibao maana yake ni moja: humu ndani kuna mali, na wenyewe hawataki uione. Akamwinulia mtoto waya, wakapita.

Mwezi wa tisa shule ikafunguliwa, nami nikasahau habari ya mawe. Yalikuwa kwenye balkoni, chini ya ndoo. Jioni moja jirani wa ghorofa ya chini alikuja kulalamika kuhusu kishindo, gonga gonga gonga, kila siku. Nikamwomba Mama asitwange karanga saa za mchana. Akasema sawa. Mama akisema sawa kwa upole namna ile, mtu mwenye akili huuliza swali la pili, na mimi sikuuliza. Wiki hiyo hiyo Sara alitapika mara mbili. Nikajua ni mdudu wa shuleni, watoto wanaambukizana. Nikamchemshia tangawizi. Tangawizi niliitwanga kwenye kinu kidogo cha kitunguu saumu, na mkikumbuke kinu hicho.

Basi Jumanne moja bomba lilipasuka kwenye kliniki yetu ya meno, wakatufungia mapema, nikarudi nyumbani saa kumi jioni jua bado kali. Mlango wa balkoni ulikuwa wazi. Mama amekaa kwenye kigoda chake, Sara amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, magoti yao yanakaribia kugusana. Mwanangu alikuwa na jiwe mkononi. Akalifuta kwa sketi yake ya shule. Akatoa ulimi, akalilamba taratibu kutoka huku hadi huku, akaliinua juani, jicho moja amelifumba. Kisha akatema mate pembeni, tena kwa ustadi, kama mwanamke wa miaka hamsini aliyeshinda kifusini.

"Sara, unafanya nini?"

Akanijibu kwa Kiingereza chake, bila hata kugeuka, kwamba jiwe kavu halisemi.

Kwanza nilikereka tu kwa uchafu. Minyoo, vumbi, mambo ya kawaida ya mzazi. Nilipochukua simu na kuandika jina la ule mji pamoja na neno mawe, nilikuwa natafuta la kumkomesha Mama, nimwambie unaona, hata hawa wamesema si usafi. Nikasoma. Mawe yenye dhahabu ya upande ule mara nyingi yamechanganyika na aseniki. Nikarudia kusoma. Aseniki ni sumu, ile ile ya kuulia panya. Kifusi cha zamani kinaitoa kwa vumbi na kwa maji, ndiyo sababu ya uzio na ndiyo sababu ya kibao. Watoto wasicheze, wasiguse, wasitie mikono mdomoni. Kuhusu ulimi hawakuandika kitu. Nadhani haikumjia mtu akilini.

Nilirudi balkoni, simu bado iko mkononi.

"Mama, mtoto ameanza lini kulamba haya mawe?"

"Tangu kule. Ana jicho zuri huyu, kakuzidi."

"Mangapi?"

"Nani ahesabu mawe, Kisa."

"Mama, yana sumu."

"Sumu katia nani?"

"Hajatia mtu. Imo humo humo kwenye jiwe."

Akaniangalia kama anavyoniangalia tangu utoto nikisema upuuzi. "Nimelamba mawe miaka thelathini. Nimekufa?"

Nilitaka kumjibu, na jibu lilikuwa baya, lakini macho yangu yalikuwa yameshuka sakafuni. Karibu na mguu wake kilikuwepo kinu cha kitunguu saumu. Ndani yake kulikuwa na unga wa kijivu, laini, umetwangwa vizuri. Karanga za mchana.

"Nakiosha kila siku," Mama akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua.

Nilimnyakua Sara, nikamwosha mdomo, nikamsugua ulimi kwa mswaki mpaka akalia. Nikapiga namba ya simu ya mambo ya sumu. Mwanamke aliyepokea alikuwa mtulivu, akauliza umri, uzito, ametapika, anaharisha, kisha akasema nimpeleke hospitali leo, si kesho, na nichukue jiwe moja kwenye mfuko wa plastiki. Huo utulivu wake ndio ulionimaliza. Nikampigia Phyllis, rafiki yangu Mkenya wa kanisani, atuendeshee gari. Njiani akaninong'oneza, Mama na Sara wako nyuma.

"Kisa, skiza. Usiseme ni shosho alimpea. Hawa watu wakisikia hivyo wataandika. Na wakishaandika, wanakuja kwa nyumba."

Shosho kwao ni bibi. Sasa nikawa na hofu mbili. Ya kwanza, sumu imwue mwanangu. Ya pili, sumu isimwue, lakini watu wa ustawi wa watoto wamchukue. Ukitaka kujua hofu inavyomgeuza mtu, sikiliza nilivyojibu. Muuguzi aliuliza mtoto aliyapata wapi mawe. Nikasema, Sara aliyaokota mwenyewe. Alitutoroka akapita chini ya uzio, kisha akayaficha chumbani kwake. Nilimsingizia mtoto wa miaka sita, naye yuko pale kitandani na miguu inaning'inia, anasikia kila neno. Alimwangalia bibi yake.

Wakachukua mkojo, wakachukua damu. Wakasema majibu ya aseniki hayatoki papo hapo, yatapelekwa kwa daktari wetu wa familia baada ya siku sita. Tukaruhusiwa.

"Umewaambia nini?" Mama akaniuliza pale nje, tunamsubiri Phyllis alete gari.

"Nimesema aliokota mwenyewe."

"Umemtupia mtoto?"

"Nimekuokoa wewe, Mama. Na nimeiokoa nyumba yangu."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema.

Siku sita. Siwezi kuzieleza vizuri maana sikuziishi, nilizikimbia. Nilikitupa kinu. Nilitupa mwiko, kibao cha kukatia, mfuko wa viungo, zulia la sebuleni, na nilipiga deki mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Mawe yalikuja kuchukuliwa na watu wa manispaa waliovaa glavu, na Mama aliangalia kutoka mlango wa chumba chake wakiyabeba. Nilichana nywele za Sara nikihesabu zilizobaki kwenye kitana. Nilimkagua kucha. Akienda chooni, nilisimama mlangoni. Nilimpa karatasi achore nyumba, mti, chochote, huku naangalia kama penseli inatetemeka. Mstari wake ulikuwa umenyooka. Nikampa karatasi nyingine, na nyingine, mpaka akaniambia amechoka kuchora nyumba.

Nicolaus nilimweleza kwa simu, bado yuko kule kaskazini. Akasema anamheshimu Mama, lakini mtoto akiwa na kitu, yeye hajui atamwangalia vipi usoni. Mama alikuwa jikoni. Alisikia, nilikuwa nimeweka spika.

Tangu pale akaacha kukaa karibu na Sara. Mtoto akija sebuleni, yeye anainuka. Sara alimfuata, akagonga mlango wake, akauliza kwa Kiingereza kama bibi amemkasirikia. Nikamsikia Mama anamjibu kutoka ndani, "Hapana mama, bibi amechoka." Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilipita pale mlangoni nikaendelea na deki. Na chini ya hasira kulikuwa na woga. Niliahidi kwa Mungu mambo mengi wiki ile. Mengine sijatimiza mpaka leo.

Jumatatu tukaenda kwa daktari, kliniki ya Mount Dennis. Daktari Samina ni Mwismaili, wazazi wake walizaliwa Mwanza, na Kiswahili alichorithi ni cha jikoni kwao: njoo, kaa, kula, pole, mikono. Hicho kidogo alichonacho anakitumia chote, kwa hiyo Mama anampenda. Alitukaribisha, na kabla sijakaa sawasawa akaanza na majibu, nami nikamshukuru kwa hilo.

Kipimo cha Sara kilikuwa juu kidogo ya kawaida. Kidogo, akarudia, akiniangalia. Mwili unaitoa wenyewe kwa siku chache, asiguse tena, atapimwa baada ya mwezi. Kutapika kule pengine kweli kulikuwa mdudu wa shuleni. Kisha akamgeukia mtoto. "Mikono," akasema kwa Kiswahili. Sara akainyoosha mbele, vidole vimetawanyika, na ilikuwa imetulia kama meza. Nililia kwa sauti, mbele ya mwanangu, bila haya. Phyllis, aliyekuwa ametusindikiza, akamtoa Sara nje kumnunulia juisi.

Daktari alinisubiri nimalize. Halafu, kwa upole, akasema kuna kitu kwenye karatasi za hospitali hakielewi. Mtoto wa miaka sita alijuaje kulamba jiwe?

Nikafungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari, nilishaupanga kwenye gari. Mama hajui Kiingereza cha kutosha, ila uso wangu anaujua tangu niko tumboni. Akanishika mkono.

"Mwambie ni mimi."

"Mama, nyamaza kwanza."

"Usiniambie ninyamaze. Tafsiri. Mwambie mtoto hakutoroka. Mimi ndiye niliyeinua waya."

Nikatafsiri. Kila neno nililitoa nikisubiri daktari achukue simu aite watu. Hakuchukua simu. Aliandika kitu kifupi, akakisoma kwa sauti ili nisikie, kwamba bibi hakujua, na kwamba ameeleza mwenyewe. Kisha akaacha kalamu, akamwangalia Mama muda mrefu kidogo.

"Mikono," akamwambia.

Mama akainyoosha. Ikatetemeka kama siku zote. Mimi hata sikuitazama, nimeizoea.

Daktari akauliza, imekuwa hivi tangu lini? Nikatafsiri. Mama akasema tangu ujana, ni ya ukoo. Kazi yake ilikuwa nini hasa, baada ya kulipata jiwe? Hapo Mama akakaa sawa. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo hapa Kanada, hata mimi. Akaeleza, nami natafsiri nyuma yake. Jiwe linakwenda kwenye karasha, linasagwa. Unga unaoshwa kwenye karai. Ukibaki mchanga mzito mweusi unamwagia zebaki, unaisugua kwa kiganja, zebaki inakusanya dhahabu yote. Unaikamua kwa kitambaa. Kinachobaki ni kidonge cheupe, unakiweka juu ya mkaa, zebaki inaondoka, dhahabu inabaki.

Kidonge alikichomea wapi?

"Ndani."

Kwa nini ndani?

"Ukichoma nje watu wanaona umepata. Jioni wanakuja kukutembelea na mapanga. Mjane anafunga mlango na dirisha."

Mara ngapi?

"Kila Jumamosi."

Kwa miaka mingapi?

"Mpaka huyu alipokwenda sekondari ya bweni." Akanielekezea kidevu.

Daktari Samina akaongea polepole, anachagua maneno, na mimi nikayapokea moja moja na kuyapeleka ng'ambo ya pili. Zebaki ikichomwa haiondoki, Mama. Inakuwa hewa. Haina rangi wala harufu. Aliye ndani anaivuta, inakwenda mpaka kwenye ubongo, na mtu huanza kutetemeka mikono. Imepita miaka mingi, kipimo leo hakiwezi kuthibitisha, lakini anadhani si ya ukoo. Na kwa mtoto mdogo, ambaye ubongo wake bado unajengwa, inadhuru zaidi kuliko kwa mtu mzima.

Nilitafsiri mpaka nukta ya mwisho kabla sijasikia nilichokuwa nasema.

Daktari alikuwa ameshauliza swali jingine. Sikumgeukia Mama. Nilisema nikiangalia meza.

"Anauliza, wakati unachoma, mtoto alikuwa wapi."

Nje nilimsikia Sara anamwambia Phyllis juisi ni ya baridi sana.

"Mwambie nilimfunga mgongoni."

"Mgongoni."

"Chumba kilikuwa kimoja, Kisa. Ulikuwa umeanza kutambaa, na jiko lilikuwa chini. Nilikufunga mgongoni kila Jumamosi, usije ukaungua."

Nikamgeukia daktari nikamwambia kwa Kiingereza, kama kazi yangu ilivyokuwa pale, kwamba alinifunga mgongoni ili nisiungue. Daktari hakuandika. Alisogeza kiti chake mbele yangu, na ingawa mimi na yeye hatujawahi kuongea ila Kiingereza, alisema kwa Kiswahili.

"Na wewe. Mikono."

Nikainyoosha. Mama akaiangalia kwa muda, halafu akageuza uso ukutani.